Kabla ya Kwenda Mashineni

Mtu wa Tanga aliyetaka kusoma Pambo la Lugha kilipotoka mwaka 1948 ilimbidi asubiri kitabu kitoke Johannesburg. Mshairi, Shaaban Robert, alikuwa wa hapa hapa, mzaliwa wa Vibambani karibu na Machui, karani wa serikali. Aliyemchapisha alikuwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika mfululizo ulioanza mwaka 1935 kwa mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi. Miaka mitatu baadaye Kusadikika nacho kikatolewa na Nelson, kampuni ya Uingereza. Shaaban Robert akawa anaandika pwani, anapimwa ughaibuni, kisha anarudishwa pwani kuuzwa.

Ndipo mwaka 1959 vikatoka Insha na Mashairi na Masomo Yenye Adili, vyote viwili vikiwa na jina la mchapishaji wa Tanga: Art and Literature. Mchapishaji huyo alikuwa Shaaban Robert mwenyewe. Inachekesha kidogo kwamba mtetezi mkubwa wa Kiswahili kuliko wote aliipa nyumba yake ya vitabu jina la Kiingereza. Nadhani alijua barua zake zingefunguliwa katika ofisi gani.

Alikuwa na umri wa miaka 50. Nyuma yake kulikuwa na utumishi mrefu: forodhani tangu 1926 hadi 1944, Pangani na kwingineko pwani; miaka michache Longido katika idara ya wanyamapori; halafu ofisi ya jimbo hapa Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji, ambako alifanya kazi hadi 1960. Kwa hiyo nyumba ya Art and Literature iliendeshwa na mtu ambaye asubuhi yuko kazini kwa mwajiri, jioni ndiyo yake, na mtaji ni kile kinachobaki baada ya chumvi na karo.

Tumezoea kudhani kwamba anayejichapishia ni yule aliyebisha hodi kila mahali akakosa wa kumfungulia. Shaaban Robert hakuwa hivyo. Alikuwa amekwisha kuchapishwa Afrika Kusini na Uingereza, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yaani alikaa meza moja na wale waliokuwa wakiamua Kiswahili kiandikwe vipi. Tatizo lake lilikuwa foleni. Tazama miaka: alifariki Juni 1962, Kufikirika kikatolewa na Oxford mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka kwa Nelson mwaka 1968. Vitabu hivyo leo vinafundishwa kana kwamba daima vilikuwapo, na aliyeviandika hakuwahi kuvishika vikiwa vitabu. Mtu wa miaka 50 mwenye miswada kabatini hahesabu miaka kama mhariri wa London anavyoihesabu.

Ndiyo maana sikubali wanaposema alijichapishia kwa kiburi. Tena hakuwaacha wachapishaji wakubwa. Aliendelea nao, akaongeza mlango wa uani.

Na si kwamba Tanga haikujua mitambo. Huko Magila, karibu na Muheza, wamisionari wa UMCA walikuwa wakipiga chapa tangu karne ya 19. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, kilichapwa huko kwa mafungu kati ya 1895 na 1907. Mwislamu anasimulia ukoo wa watawala wa Usambaa, na misheni ya Kikristo inamchapia: mambo kama hayo pwani hii haikuyaona ajabu. Hapa mjini shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa na mtambo wake, na ndiko lilikotoka gazeti la Kiongozi hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Mitambo ilikuwapo, ila kila mtambo ulikuwa na bwana wake, na bwana hakununua mashine ili wewe uchapishe ya kwako. Misheni ilitaka waumini, serikali ilitaka makarani. Kitabu kama cha Abdallah bin Hemedi kilipita kwa sababu siku ile haja yake na haja ya wenye mtambo zilikutana.

Lakini kabla ya mitambo yote hiyo pwani ilikuwa na njia yake ya kusambaza maandishi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima kwa hati za Kiarabu, mambo yenyewe yakiwa bado mabichi. Umma wa wasomaji wa vitabu ulikuja kuupata kwa chapa mwaka 1955, alipoutoa J. W. T. Allen. Katikati hapo, kwa zaidi ya miaka 60, utenzi ule uliishi kwa mkono. Mtu aliusikia barazani, akaupenda, akaomba nakala, akakaa na kalamu na wino akaunakili beti kwa beti. Hakuna aliyelipwa.

Fikiria maana ya kunakili utenzi wa mamia ya beti. Kiuno kinauma, macho yanachoka, karatasi ni ghali. Hufanyi kazi hiyo kwa utungo uliokuchosha. Kwa hiyo kila nakala ilikuwa hukumu: mtu wa kwanza kusoma ndiye aliyekuwa wa kwanza kugharamia, na aligharamia kwa jasho. Utenzi mbovu haukuhitaji kukataliwa na mhariri. Ulikufa kwa kukosa mkono wa pili. Na watunzi walilijua hilo. Ilikuwa desturi mwishoni mwa tenzi mtunzi kuomba radhi na kumwachia msomaji ruhusa: ukiona kosa, litengeneze. Na wanakili walitengeneza kweli, mara nyingine wakaharibu, ndiyo maana wataalamu leo wanagombana juu ya nakala ipi ni sahihi. Hata hivyo kazi ilipita mbele ya macho ya watu wasiomwogopa mtunzi.

Mashine haichoki wala haichagui. Ukiilisha karatasi inatoa nakala 500 za upuuzi kwa furaha ile ile inayotolea hekima. Hilo ndilo linalonisumbua katika kujichapishia kwetu kwa leo, kuliko bei ya karatasi.

Katikati ya zama za Shaaban Robert na zetu kuna watu ambao wasomi hupenda kuwaruka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, lile Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililokuwa likitoa kazi za waandishi wa nchi tatu likaanguka nalo. Aristablus Elvis Musiba, ambaye Kufa na Kupona yake ilitolewa na shirika hilo mwaka 1974, akaendelea na mpelelezi wake Willy Gamba chini ya Continental Publishers, kampuni yake mwenyewe. Ben Mtobwa akawa na Heko. Kajubi Mukajanga akawa na Grand Arts Promotions, Hammie Rajab akawa na Busara. Riwaya zao zilijaa stendi, kwenye vibanda vya magazeti na ndani ya mabasi. Vyuoni ziliitwa fasihi pendwa, kwa sauti ya mtu anayeshika kitu kwa ncha za vidole. Nairobi, David Maillu alifanya vivyo hivyo kwa Kiingereza kupitia Comb Books yake, na mwaka 1976 serikali yetu ikavipiga marufuku vitabu hivyo visiingie nchini. Angalau huko serikalini walivisoma.

Nawaheshimu watu hawa. Walifanya kijana wa Makorora anunue kitabu kwa hela yake bila kuambiwa na mwalimu. Walikuwa pia na kitu ambacho mwandishi wa leo hana: muuzaji. Yule wa kibanda cha magazeti alijua kipi kinakwenda na kipi kimelala, na alikuwa akimwambia mwandishi bila kumumunya maneno, kwa sababu kitabu kilicholala kilimjazia meza yake.

Sasa nenda stationeri yoyote ya Ngamiani na mswada wako wa daftari. Mpiga chapa, dada mwepesi wa vidole, ataingiza kurasa zako kwenye kompyuta katikati ya wateja wanaotaka fotokopi ya vitambulisho na barua za maombi ya kazi. Programu ya kompyuta hiyo haijawekewa Kiswahili. Kila neno linapigiwa mstari mwekundu, "nyumba" kwa "bahari", ukurasa mzima unaonekana kama umechanjwa kwa wembe. Macho yanauma, kwa hiyo anaizima ile mistari. Toka hapo hakuna kinachomwonya tena: "alikwenda" limeandikwa "alikwneda" na linapita salama, aya imerudiwa mara mbili, mhusika aliyeitwa Mwanaidi sura ya pili anakuwa Mwanahawa sura ya tisa. Na mwandishi, aliyekwisha kuyasoma maneno yake mara nyingi hata anayajua kwa moyo, anaona kile alichokusudia badala ya kile kilichoandikwa.

Kisha namba ya ISBN, inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukurasa wa haki unahitaji jina la mchapishaji, na hapo waandishi wetu huwa na haya. Badala ya kuandika kwamba wamejichapishia, wanabuni kampuni: jina zito na sanduku la posta la baba mdogo. Sioni ubaya. Shaaban Robert naye alifanya hivyo.

Halafu hesabu. Tuseme kiwanda cha Dar es Salaam kimekupa bei ya shilingi milioni 3 kwa nakala 500, yaani 6,000 kila moja. Ukitaka 100 tu, hutaambiwa laki sita, kwa maana kuandaa sahani na kufunga mashine ni gharama ile ile iwe utatoa 100 au 1,000. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa: nakala moja inashuka bei kadiri unavyochapa nyingi, basi mtu anachapa 1,000 ili apate unafuu, na unafuu wenyewe unalala chini ya kitanda ukiliwa na mchwa. Muuza duka naye hanunui. Anachukua kwa mali kauli: acha kumi hapa, zikiuzwa njoo uchukue chako, na chake yeye ni theluthi au zaidi. Nakala ya 6,000 uliyoiwekea bei ya 10,000 ikikatwa theluthi imekubakishia mia sita na ushei, kabla hujalipia nauli ya kwenda kumwuliza kama zimeuzwa. Kwa kawaida bado. Maduka ya vitabu ya Tanga yanaishi kwa vitabu vya shule, na kitabu kisichokuwa na ithibati ya Taasisi ya Elimu hakina njia ya kuingia kwenye orodha ya vitabu hivyo.

Kwa hiyo vitabu vinauzwa kwa simu. Mnunuzi wa Korogwe au wa Moshi anaona picha ya kava, anatuma pesa, mwandishi anafunga kifurushi kwa gundi ya karatasi, anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa kalamu nene, anakipeleka ofisi ya basi alfajiri na kupewa risiti. Wengine wameacha karatasi kabisa: hadithi inauzwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya tano bure, ya sita ulipie. Humo kuna vipaji halisi. Nimesoma simulizi za namna hiyo zilizonichelewesha kulala. Humo kuna wizi pia, kwa maana faili likishatumwa kwa mmoja limetumwa kwa wote, na mwenye kazi analipwa salamu.

Yote hayo ni mateso ya uuzaji, na kila mwandishi ninayemjua huyaeleza kwa ufasaha mkubwa. Suala la nani amesoma kabla ya kuchapa hulieleza mara chache. Uhuru wa kujichapishia kama tunavyoutumia ni uhuru wa kutosomwa na mtu hadi afike yule aliyetoa pesa yake. Msomaji aliyelipa ndiye anayekutana kwa mara ya kwanza na aya iliyorudiwa na Mwanaidi aliyegeuka Mwanahawa. Hatakuandikia. Hatanunua cha pili tu.

Shaaban Robert alikuwa na wa kumsoma. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizokusanywa na Mugyabuso Mulokozi, zinaanzia 1931 na kufika 1958. Nyumba yake ya uchapishaji inapoonekana kwenye jalada la 1959, mtu huyu ameandikiana na msomaji wa karibu kwa muda wa miaka 27. Alikuwa pia amepita kwenye gazeti la Mambo Leo, ambako shairi lako likiwa na mizani iliyopungua watunzi wenzako walikujibu hadharani kwa shairi. Hayo ndiyo yaliyomlea kabla hajawa mchapishaji wake mwenyewe. Sisi tunaanza na kuchapisha.

Siku hizi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na mshindi huchapiwa na serikali kitabu chake kiende shuleni. Ni jambo jema, tena lilichelewa. Lakini tuzo inachagua wachache kutoka rundo. Rundo linabaki mikononi mwa waandishi wenyewe, na wengi wao watakwenda stationeri.

Mwaka uliopita msichana mmoja wa Kigombe, binti wa jamaa zetu, alikuja nyumbani na mswada wa riwaya. Akanipa shikamoo, nikamwitikia, akakaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kupima malaria. Nikamwuliza nani ameshausoma.

"Bibi tu, mjomba. Yaani nilimsomea. Macho yake hayaoni vizuri."

"Akasemaje?"

"Alinikatisha sura ya nne. Nimeandika babu yake Rehema ametoka usiku kwenda kuvua dagaa, mwezi mpevu, bahari inang'aa, taa za mashua zimejipanga. Bibi akauliza, huyu babu ana wazimu? Mbalamwezi yote hiyo, dagaa watafuata taa gani?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Wavuvi wa taa hukaa nchi kavu siku za mwezi mpevu, na kila mtoto wa Kigombe anajua. Na yeye ni mtoto wa Kigombe. Alikijua kitu hicho maisha yake yote, lakini alipoandika alitaka mwezi, kwa sababu riwaya alizosoma zina mwezi. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna programu wala mhariri wa Dar es Salaam ambaye angeliona kosa lile. Ilihitajika ajuza aliyeozwa kwa mvuvi. Sura ya nne aliiandika upya katika giza, na giza likamfaa zaidi, maana sasa babu yake Rehema anapotea na hakuna aliyeona ameelekea wapi.

Nikasoma uliobaki. Kazi ina nguvu, hasa ugomvi wa mashamba ya minazi, ila kuna sura mbili zinazohubiri. Nikamshauri atafute mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyestaafu, na hapa mjini hawakosekani, amlipe apitie mswada kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza itakuwa kiasi gani. Tukakadiria. Akanyamaza akipiga hesabu, kisha akasema ile hela ameiweka kwa ajili ya kava: lenye rangi, la kung'aa, herufi za jina zimenyanyuka ukizigusa.

"Mhariri haonekani, mjomba," akaniambia kwa adabu. "Kava linaonekana."

Sikuwa na jibu la haraka. Mteja anayeshika kitabu stendi anaona kava, na kwenye simu haoni kitu kingine chochote. Ningemwambia kwamba kava linauza nakala ya kwanza na uhariri unauza kitabu cha pili, lakini mtu ambaye hajatoa cha kwanza utamwambiaje habari za cha pili? Akachapa nakala 200, uamuzi wa busara, na zimekwisha karibu zote, nyingi kwa watu wa Kigombe na Pangani waliotaka kujua nani ameandikwa humo.

Nilinunua mbili. Kava ni zuri kweli. Zile sura mbili bado zinahubiri, na katika nakala yangu moja nimeandika pembeni, kwa penseli, ukurasa hadi ukurasa. Ameahidi kuipitia akipanga chapa ya pili.